UCHANGANUZI: Nani alaumiwe mfupa wa taya unapoyeyuka kando ya jino la kupandikizwa?

MATANGAZO ya meno ya kupandikizwa yamekuwa mengi katika miji yetu mikuu. Kuanzia Nairobi hadi Mombasa, Kisumu hadi Eldoret, kliniki za kibinafsi zinawaahidi wateja jino jipya lisilochomolewa usiku, lenye sura ya jino la asili na litakalodumu maisha yote.

Ahadi hiyo si ya uongo mtupu. Meno ya aina hii yamewarejeshea watu wengi duniani uwezo wa kutafuna, kuzungumza na kucheka bila haya. Hata hivyo, kuna jambo ambalo matangazo hayo hayalisemi. Jino hilo husimama kwa sababu linashikiliwa na mfupa wa taya, na mfupa huo huweza kupungua polepole, mara nyingi bila maumivu, hadi siku jino linapoanza kucheza.

Hilo linapotokea, wa kwanza kulaumiwa ni mgonjwa. Huambiwa kwamba hakupiga mswaki ipasavyo, kwamba sigara ndiyo iliyomponza, au kwamba mwili wake umekikataa kipandikizi. Ni nadra kusikia mtu akiuliza kuhusu umbo la kifaa chenyewe, au jinsi kilivyoshughulikiwa na daktari tangu kilipotolewa kwenye pakiti yake.

Utafiti uliofanywa kwa zaidi ya nusu karne unaonyesha kwamba lawama hiyo haifai kubebwa na mgonjwa peke yake. Umbo la kipandikizi na mikono inayokiweka vina sehemu kubwa katika kuamua ni kiasi gani cha mfupa kitakachosalia baada ya miaka mitano au kumi. Mkenya anayetoa zaidi ya Sh100,000 kwa jino moja ana haki ya kulifahamu jambo hili kabla ya kuketi kwenye kiti cha daktari.

Chanzo chake

Kipandikizi ni skrubu ndogo ya titani, yenye urefu wa takriban milimita 10 na kipenyo cha milimita nne hivi. Hukazwa katika shimo lililotobolewa kwenye mfupa wa taya, mahali palipokuwa na jino. Juu yake hufungwa kiungo kinachopenya ufizi, na juu ya kiungo hicho huwekwa taji, yaani ile sehemu inayofanana na jino na ambayo ndiyo huonekana.

Msingi wa tiba hii uliwekwa nchini Uswidi mwaka 1952. Mtafiti Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza mzunguko wa damu katika mifupa ya sungura kwa kutumia vifaa vidogo vya titani. Alipotaka kuvitoa, alikuta vimeshikamana na mfupa kiasi kwamba havingeweza kung'oka. Mwaka 1965 aliwatengeneza binadamu wa kwanza kufaidika na ugunduzi huo, mwanamume aliyekuwa na kasoro ya taya tangu kuzaliwa. Mgonjwa huyo aliendelea kuvitumia vipandikizi vyake hadi alipofariki mwaka 2006.

Itakumbukwa kwamba ulimwengu wa sayansi haukumkubali Brånemark mara moja. Ni baada ya kongamano lililofanyika Toronto, Canada, mwaka 1982 ambapo wataalamu wa Amerika Kaskazini walianza kuikumbatia tiba hiyo. Kuanzia hapo, kilichokuwa kazi ya maabara chache kikageuka kuwa biashara ya dunia nzima, yenye mamia ya aina za vipandikizi zinazoshindania soko.

Utaratibu wa Brånemark ulikuwa wa subira. Baada ya skrubu kuwekwa, ufizi ulishonwa juu yake na mgonjwa akaachwa apone kwa miezi mitatu ikiwa ni taya la chini, au miezi sita ikiwa ni la juu. Baada ya hapo ndipo jino lilipofungwa na kuanza kutumika. Biashara ilipopanuka, subira hiyo ilianza kupunguzwa.

Mfupa hupungua kwa nini?

Jino la asili halijashikana na mfupa moja kwa moja. Kati yake na taya kuna nyuzinyuzi laini ambazo huliwezesha kustahimili shinikizo la kutafuna, na ambazo karibu na ufizi huwa kama ukuta wa kuzuia bakteria. Kipandikizi hakina nyuzinyuzi hizo. Ufizi hukizingira kama ukosi wa shati unavyozingira shingo, bila kushonwa nacho. Bakteria wakipenya hapo, safari yao hadi kwenye mfupa ni fupi.

Madaktari walilitambua hilo mapema. Ripoti ya kundi la Brånemark iliyochapishwa mwaka 1981, baada ya kuwafuatilia wagonjwa kwa miaka 15, ilionyesha kwamba mfupa ulipungua kwa wastani wa milimita 1.5 katika kipindi cha kupona na mwaka wa kwanza wa matumizi, kisha milimita 0.1 kila mwaka. Mwaka 1986, Tomas Albrektsson na wenzake waliweka vigezo vya kupima ufanisi. Kimojawapo kilisema kwamba baada ya mwaka wa kwanza, mfupa usipungue zaidi ya milimita 0.2 kwa mwaka.

Vigezo hivyo viliisaidia taaluma kuwa na kipimo kimoja. Lakini pia viliwazoesha madaktari kuamini kwamba kupotea kwa milimita moja na nusu mwanzoni ni jambo la kawaida, kama kwamba ni amri ya maumbile. Miaka iliyofuata ilidhihirisha kwamba sehemu ya upungufu huo ilitokana na jinsi vifaa vilivyoundwa.

Mwanya usioonekana

Sehemu ya kwanza iliyochunguzwa ni pale kiungo kinapokutana na kipandikizi. Hata vifaa viwili vikitengenezwa kwa ustadi mkubwa, kati yake hubaki mwanya mdogo usioonekana kwa macho. Bakteria huingia humo, na kila mtu anapotafuna, kiungo hutikisika kidogo na uchafu husukumwa nje. Mwili hujibu kwa uvimbe, na mfupa ulio karibu hurudi nyuma kujiepusha.

Utafiti uliofanywa kwa wanyama katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba mahali palipo na mwanyo huo ndipo panapoamua mfupa utaishia wapi. Kadiri mwanya unavyozamishwa karibu na mfupa au chini yake, ndivyo mfupa unavyopungua zaidi. Kwa sababu hiyo, baadhi ya watengenezaji, hasa wa Uswisi, waliunda vipandikizi ambavyo shingo yake imerefushwa kupita kwenye ufizi ili mwanya uwe juu, mbali na mfupa.

Suluhu nyingine ilipatikana kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kampuni moja ya Marekani ilileta sokoni vipandikizi vipana vya milimita tano na sita kabla ya kuunda viungo vinavyolingana navyo. Madaktari walilazimika kufunga juu yake viungo vyembamba vya milimita 4.1. Miaka ilipopita, picha za eksirei ziliwashangaza: mfupa kando ya vipandikizi hivyo haukuwa umeshuka kama ilivyotarajiwa. Mwaka 2006, Richard Lazzara na Stephan Porter walichapisha maelezo yao kuhusu jambo hilo. Kiungo kikiwa chembamba kuliko kipandikizi, mwanya husogezwa ndani, mbali na ukingo wa mfupa, na uvimbe hukosa nafasi ya kuufikia kwa urahisi.

Leo muundo huo unatumiwa na kampuni nyingi. Aidha, nyingi zimeacha viungo vya zamani vilivyokalia tu juu ya kipandikizi na kuanza kutumia vile vinavyoingia ndani yake kwa umbo la pia, ambavyo hubana zaidi na kutikisika kidogo. Haya si mambo ya urembo. Ni tofauti ya milimita moja au mbili za mfupa, na katika shimo lenye kina cha milimita 10, milimita mbili ni sehemu ya tano ya msingi wote.

Uso wa titani nao una athari zake. Vipandikizi vya Brånemark vilikuwa na uso laini uliochongwa kwa mashine. Baadaye iligunduliwa kwamba uso uliokwaruzwa kwa kiasi, kwa mchanga maalumu au kwa asidi, hushikwa na mfupa haraka na kwa nguvu zaidi. Ndiyo sababu vipandikizi vingi vya sasa vina uso wa aina hiyo. Tatizo hujitokeza pale mfupa unapopungua na kuuacha uso huo wazi. Mikwaruzo iliyoushika mfupa ndiyo hiyo hiyo inayowapa bakteria makao, na kuisafisha ni kazi ngumu hata kwa mtaalamu.

Funzo kutoka Uswidi

Mfano ulio wazi zaidi wa jinsi umbo na matumizi yanavyoshikana ulitokea Uswidi kwenyewe, chimbuko la tiba hii. Mwaka 2004, kampuni ya Nobel Biocare ilizindua kipandikizi kilichoitwa NobelDirect. Kilikuwa kipande kimoja, skrubu na kiungo vikiwa vimeungana, hivyo hakikuwa na mwanya wowote wa kuhofiwa. Kilinuiwa kurahisisha kazi: kingeweza kuwekwa bila kuupasua ufizi, kuchongwa sehemu ya juu kikiwa tayari kinywani, na kubebeshwa jino siku hiyo hiyo.

Kinadharia, wazo hilo lilikuwa zuri. Kiutendaji, watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, akiwemo Albrektsson, walianza kuonya kwamba waliona mfupa ukipotea kupita kiasi. Kampuni ilikitetea kifaa chake, na mamlaka ya dawa ya Uswidi ikalichunguza suala hilo.

Mwaka 2007, utafiti wa madaktari wa Uswidi uliohusu vipandikizi 115 vya kipande kimoja ulichapishwa. Baada ya mwaka mmoja, mfupa ulikuwa umepungua kwa wastani wa milimita 2.1, ikilinganishwa na milimita 0.8 kwa vipandikizi vya kawaida vya vipande viwili. Kipandikizi kimoja kati ya vitano kilikuwa kimepoteza zaidi ya milimita tatu. Kwa upande mwingine, watafiti wengine waliovichunguza vipandikizi vya aina hiyo hiyo waliripoti upungufu mdogo zaidi.

Ni vipi kifaa kimoja kitoe matokeo yanayotofautiana hivyo? Wachunguzi walitaja sababu kadhaa zilizokutana mahali pamoja. Kuweka kipandikizi bila kuufunua mfupa humfanya daktari afanye kazi kwa kubahatisha. Kukichonga kinywani huleta mtikisiko, joto na vumbi la metali karibu na jeraha bichi. Kukibebesha mzigo siku ya kwanza huutikisa mfupa kabla haujashikamana nacho. Uso wake wenye mikwaruzo, nao, ulifika hadi kwenye ufizi.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Umbo la kifaa humwalika daktari kukitumia kwa namna fulani. Kifaa kinachouzwa kwa sifa ya urahisi na kasi huvutia matumizi ya haraka, na mfupa hauijui lugha ya haraka. Mtengenezaji akisema kosa ni la daktari, na daktari akisema kosa ni la kifaa, wote wawili huweza kuwa na ukweli nusu nusu, huku mgonjwa akibaki na pengo.

Mikono ya daktari

Hata kipandikizi chenye umbo bora kabisa huweza kuharibiwa siku ya kwanza. Mwaka 1983, Albrektsson na mwenzake R. A. Eriksson walionyesha kwamba mfupa ukipata joto la nyuzi 47 za Selsiasi kwa dakika moja, uwezo wake wa kupona huanza kudhurika. Joto hilo ni nyuzi 10 tu juu ya joto la mwili. Kekee butu, inayokandamizwa kwa nguvu bila kumwagiwa maji ya chumvi ya kutosha, hulifikia upesi. Mgonjwa aliyetiwa ganzi hahisi lolote.

Pili ni mahali pa kuweka. Kwa kawaida inapendekezwa kwamba kati ya kipandikizi na jino la jirani pawe na angalau milimita 1.5, na kati ya kipandikizi kimoja na kingine milimita tatu. Utafiti wa Dennis Tarnow na wenzake mwaka 2000 uligundua kwamba vipandikizi vilivyokaribiana kwa milimita tatu au chini ya hapo, mfupa kati yake ulishuka kwa milimita 1.04, ilhali vilivyoachana zaidi ya hapo ulishuka kwa milimita 0.45 pekee. Anayebananisha vipandikizi vitatu katika nafasi ya viwili, hata kama ni kwa ombi la mteja, anaukata mguu wa kiti anachokiuza.

Tatu ni ufizi wenyewe. Watafiti wa Lithuania wakiongozwa na Tomas Linkevicius walionyesha mwaka 2009 kwamba ufizi ukiwa na unene wa milimita mbili au chini ya hapo, mfupa huweza kushuka kwa hadi milimita 1.45 katika mwaka wa kwanza, hata mwanya ukiwa juu ya mfupa. Mwili hujitengenezea nafasi ya ufizi kwa kuula mfupa. Daktari asiyepima unene huo kabla ya kuanza ameiacha hatua muhimu.

Nne ni kufungua na kufunga kiungo mara kwa mara. Kila kiungo kinapotolewa kwa ajili ya vipimo au kujaribisha taji, ufizi uliokuwa umeanza kukizingira huchanika. Majaribio yaliyofanywa kwa mbwa nchini Uswidi katika miaka ya 1990 yalionyesha kwamba kurudia kitendo hicho huufanya ufizi na mfupa kujisogeza chini. Ndiyo maana baadhi ya wataalamu wanashauri kiungo cha kudumu kifungwe mara moja na kisiguswe tena.

Tano ni saruji. Taji nyingi hubandikwa kwa saruji ya meno, na inayozidi hufurika chini ya ufizi mahali ambapo jicho halifiki. Mwaka 2009, daktari wa Marekani Thomas Wilson alitumia kamera ndogo kuchunguza vipandikizi vilivyokuwa na dalili za ugonjwa. Katika asilimia 81 kati ya hivyo, alikuta saruji iliyosahaulika. Alipoiondoa, dalili zilitoweka katika takriban robo tatu ya vipandikizi hivyo. Hakuna mswaki ambao ungeliifikia saruji hiyo. Mgonjwa angeendelea kuambiwa kuwa ni mchafu wa kinywa hadi jino lake ling'oke.

Mgonjwa naye ana wajibu

Haya yote hayamwondolei mgonjwa wajibu wake. Aliyewahi kuugua ugonjwa mkali wa fizi, asiyefuata usafi wa kila siku na asiyerudi kliniki kuchunguzwa, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupoteza mfupa. Uvutaji wa sigara na ugonjwa wa kisukari usiodhibitiwa pia hutajwa miongoni mwa mambo yanayohofiwa. Daktari mwaminifu huyauliza haya kabla ya kutaja bei.

Ukubwa wa tatizo lenyewe umeanza kufahamika. Mwaka 2016, watafiti wa Gothenburg wakiongozwa na Jan Derks walichapisha matokeo ya uchunguzi wa karibu wagonjwa 600 wa Uswidi, miaka tisa baada ya kutibiwa. Asilimia 45 walikuwa na kiasi fulani cha uvimbe ulioandamana na kupungua kwa mfupa. Kwa asilimia 14.5, hali ilikuwa ya wastani au mbaya, mfupa ukiwa umepungua kwa zaidi ya milimita mbili.

La kuzingatiwa ni mambo yaliyoandamana na hatari hiyo. Ugonjwa wa fizi ulikuwemo, na pia kuwa na vipandikizi vinne au zaidi. Lakini vilevile ilibainika kwamba hatari ilitofautiana kati ya kampuni moja na nyingine, na kwamba iliongezeka pale ambapo meno yalifungwa na madaktari wa meno wa kawaida badala ya wataalamu waliobobea. Ikiwa hali ni hiyo katika nchi iliyoivumbua tiba hii na yenye rekodi kamili za wagonjwa, nchi isiyo na rekodi hizo haina sababu ya kujidanganya.

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana kuhusu kila kitu. Kongamano la kimataifa lililofanyika Chicago mwaka 2017 liliueleza ugonjwa huu kuwa unaohusiana na utando wa bakteria kuzunguka kipandikizi. Albrektsson na wanaokubaliana naye wanashikilia kwamba kipandikizi ni kitu kigeni ambacho mwili umekivumilia tu, na kwamba uvumilivu huo ukivurugwa, mfupa huweza kupungua kabla ya bakteria kuhusika. Tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Wanaotaja bakteria huelekeza macho kwenye usafi. Wanaotaja uvumilivu wa mwili huelekeza macho kwenye kifaa, saruji na mikono.

Hata hivyo, pande zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: huwezi kujua kama mfupa umepungua ikiwa hukujua ulikuwa wapi mwanzo. Kongamano la Chicago lilisisitiza umuhimu wa kuwa na picha ya eksirei na vipimo vya ufizi vinavyochukuliwa jino linapofungwa, ili viwe rejeleo la baadaye. Pasipo picha hiyo, ugonjwa huthibitishwa pale tu mfupa uliopotea unapofika milimita tatu au zaidi, na kina cha ufizi kinapofika milimita sita. Wakati huo, madhara huwa yamekwisha kutendeka.

Hali ya Kenya

Sheria zetu haziko kimya. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidike nazo kikamilifu. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mhudumu kumweleza mgonjwa kuhusu tiba zilizopo, faida zake, hatari zake na gharama zake. Baraza la Madaktari wa Tiba na wa Meno, KMPDC, lina jukumu la kuwasimamia wanaotoa huduma, na Bodi ya Dawa na Sumu ina jukumu la kusimamia vifaa vya tiba vinavyoingizwa nchini.

Pengo lililopo ni la kumbukumbu. Mgonjwa wengi huondoka kliniki akiwa na risiti pekee. Hajui kampuni iliyotengeneza kipandikizi kilichomo tayani mwake, wala ukubwa wake, wala nambari yake. Daktari wake akihama, au kliniki ikifungwa, habari hizo hupotea pamoja naye.

Tatizo huwa gumu zaidi kwa wale wanaosafiri kwenda nchi kama India na Uturuki kutafuta nafuu ya bei. Kiungo kikilegea miezi kadhaa baadaye, daktari wa Nairobi hujikuta mbele ya skrubu asiyoifahamu, ambayo pengine hana hata bisibisi inayolingana nayo. Akilazimika kutumia kiungo cha kampuni nyingine kinachokaribiana tu na kile cha awali, ule mwanya uliotajwa hapo juu huongezeka, na mfupa ndio unaolipa.

Nchi nyingine zimeonyesha kwamba hili linatatulika. Finland ilianzisha daftari la kitaifa la vipandikizi vya meno mwaka 1994. Kanuni ya vifaa vya tiba ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika kikamilifu mwezi Mei 2021, inamtaka mtengenezaji atoe kadi yenye jina la kifaa na nambari yake ili akabidhiwe mgonjwa. Kadi hiyo ni karatasi ndogo isiyo na gharama kubwa, lakini humwezesha daktari yeyote, popote pale, kuendelea pale mwenzake alipoachia.

KMPDC na Bodi ya Dawa na Sumu zingeweza kulifanya hilo kuwa sharti humu nchini bila kusubiri sheria mpya ipitishwe bungeni. Kila anayewekewa kipandikizi akabidhiwe kadi, na nakala ya picha ya eksirei iliyopigwa siku jino lilipofungwa. Kliniki zihifadhi rekodi za vifaa vilivyolegea au kung'oka, na kuziwasilisha. Baada ya miaka michache, taifa lingejua ni aina zipi zinazodumu katika taya za Wakenya, badala ya kutegemea maneno ya mawakala wa mauzo.

Maswali ya kuuliza

Kabla ya siku hiyo kufika, mgonjwa anaweza kujilinda kwa maswali machache. Kipandikizi hiki kimetengenezwa na nani, na vipuri vyake vitapatikana hapa baada ya miaka 10? Kuna ushahidi gani uliochapishwa kuhusu mfupa kukizunguka baada ya angalau miaka mitano? Mfupa na ufizi wangu umepimwa? Taji litafungwa kwa skrubu au kwa saruji, na ikiwa ni saruji, iliyozidi itaondolewa vipi? Nitapewa picha ya eksirei ya siku ya kwanza? Nirudi lini kuchunguzwa?

Daktari anayeijua kazi yake hataudhiwa na maswali hayo. Kwa hakika atayafurahia, kwani yanamwonyesha kwamba mgonjwa wake ataitunza kazi itakayofanywa. Anayeyakwepa na kurudia kutaja punguzo la bei linalokwisha Ijumaa, amekwisha kujibu kwa namna yake.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2022 kwamba karibu asilimia 23 ya watu wenye umri wa miaka 60 na zaidi duniani hawana jino hata moja. Kadiri Wakenya wanavyoishi muda mrefu na kipato cha baadhi yao kinavyoongezeka, ndivyo mahitaji ya meno ya kupandikizwa yatakavyokua. Kwa wengi wao, gharama hutoka mfukoni, na hakuna bima itakayoilipa mara ya pili.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika taya la binadamu, ufa huo huanza na sehemu ndogo ya milimita, na ukuta ukishabomoka si rahisi kuujenga upya. Watengenezaji, madaktari na mamlaka za serikali wanao ujuzi wa kuuziba mapema. Kilichosalia ni kuacha kumtwika mgonjwa lawama yote, na kumpa kadi yake mkononi.